Radhi Niliyoikalia

Saumu mwanangu,

Hali yangu si njema na wewe unajua, kwa hiyo tusidanganyane kwa salamu ndefu. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako kiwanjani, umeondoka na Kona, mbwa wenu, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji linavyonguruma. Nimebandika chai nikaizima kabla haijachemka. Nimefungua sanduku lako, nikalitazama, nikalifunga. Nimetoka roshani kuangalia kama tramu imeshakuchukua, nikakuta imeshakuchukua, nikarudi ndani. Kila nikikaa nasimama. Mwisho nimeona bora nishike kalamu, mikono ipate kazi, maana miguu imeshanichosha kwa kunizungusha humu ndani bila sababu.

Nje jua bado lipo. Si unajua kiangazi cha hapa Brussels, mtaa wetu huu wa Schaerbeek, wakati kwetu watu wameshakula na kuosha vyombo, huku watoto bado wanapiga mpira barabarani na yule Mturuki wa duka la chini hata hajaingiza matunda yake. Nina nafasi mpaka urudi.

Sikuandikii mambo ya soksi za kuvaa wala dawa ya mafua. Hayo unayajua, na usiyoyajua utanipigia simu uniulize, nakufahamu. Nakuandikia lile neno.

Unajua neno gani. Siku ile mwishoni mwa baridi ulikuja na habari kwamba kile chuo cha Marekani ulichokwenda kujaribiwa kimekutaka, utacheza kwenye timu yao ya wanawake na wao watakusomesha. Ulikaa kwenye kiti cha jikoni, hata koti hukuvua, ukaniambia: "Mama, naomba radhi yako. Usiponipa siendi." Nikakujibu, "Tutaona." Nikaendelea kumenya viazi.

Ukapata viza. Ukanunua sanduku. Kesho asubuhi ndege inaondoka uwanja wa Zaventem, na mpaka sasa mama yako hajasema kitu kingine zaidi ya tutaona. Hukuniuliza tena. Una adabu, na hiyo adabu yako imenitesa kuliko ungenipigia kelele. Jana nilikusikia ukizungumza na Mireille wa timu yenu kwenye simu, ukamwambia kwa Kifaransa kwamba tiketi unayo lakini hujui kama utapanda, inategemea mama. Nilikuwa nyuma ya mlango na nguo za kupasi. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na zile nguo mapajani, sijui kwa muda gani.

Kwetu mtoto haondoki bila radhi. Hilo nilikufundisha mwenyewe. Hata safari zile za shule za kwenda kulala pwani ya Ostend, ulikuwa hutoki mlangoni kabla sijakuuliza kama umeomba radhi. Unainamisha kichwa, naweka mkono, naomba dua, unakwenda zako mbio. Wenzako Wabelgiji wanangoja chini hawaelewi unachelewa nini. Sasa umeniomba radhi ya safari ya kweli, na mimi nimeikalia.

Nitakwambia kweli. Nililipenda lile tutaona. Kila asubuhi nilipokwenda kazini kule Uccle, kwenye jiko la shule, nikikata karoti za watoto wa watu, nilikuwa najisemea moyoni: nikisema hapana tu, anabaki. Nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha mbaya. Halafu narudi nyumbani nakukuta umefua, umepanga, unanitazama usoni bila kuuliza, na furaha yote inaniishia.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hili halikuanzia kwenye tiketi. Lilianzia kwenye pilau.

Usicheke. Najua popote watakapotaja mama yako na mpira pamoja, mtu atataja pilau. Ulikuwa umeanza chuo, unasomea kuwakanda na kuwanyoosha watu viungo, na mara nasikia umeingia timu ya wanawake ya chuo. Sikuipenda habari ile. Jumapili nzima unapotea, unarudi na magoti yamechubuka, njumu zako zinamwaga udongo kwenye ngazi mpaka mwenye nyumba analalamika. Nikadhani ni upepo tu, utapita. Msimu ukaenda, hukuacha. Ndipo ukaja na Mireille, nahodha wenu, yule mtoto wa Kikongo ambaye wazazi wake wametoka Lubumbashi. Alikula wali wangu sahani mbili, akaniita maman, akanisihi nije hata siku moja tu niwaangalie.

Haya, nikasema nitakuja. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, mtu wa Tanga haendi penye watu mikono mitupu. Niliamka alfajiri nikapika pilau la nyama la kutosha timu nzima na wageni wao, nikalitia kwenye mahotipoti, mahotipoti nikayapanga kwenye kile kitoroli cha sokoni, kachumbari kwenye ndoo ndogo. Tramu ya kwanza, tramu ya pili, mpaka kiwanjani kwenu kule Ganshoren. Watu kwenye tramu walikuwa wanageuza shingo kutafuta harufu inatoka wapi. Nikajiona mama bora katika mji wote wa Brussels.

Nilifika refa akipuliza filimbi ya mapumziko. Mkaja mkakaa kwenye nyasi, mnatweta, jasho linawatiririka, na kuna mtu anawagawia vipande vya machungwa. Machungwa! Watoto wa watu wamekimbia vile, wanapewa vipande vya machungwa. Roho iliniuma kabisa. Kocha wenu alikuwa amekwenda kubishana na refa. Nikafunua hotipoti la kwanza. Wewe ulikuwa wa kwanza kuniona na ukaanza kutikisa kichwa, nami nikadhani unaona haya tu, nikakuambia wakaribishe wenzako. Mireille alishika sahani kwa mikono miwili, akaitazama, akasema: "Maman, hii chakula iko muzuri sana, mais alors, tutakimbia namna gani?" Akala. Wote wakala. Na mimi nawaongeza, naona mtu amesita namwongeza nyama.

Mlikuwa mnaongoza kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili sitaki hata kukieleza. Golikipa wenu alikuwa hawezi kuinama. Yule binti mwembamba wa pembeni alikimbia mara moja, akashika mbavu, akasimama hapo hapo kama mti. Magoli yaliingia mpaka wale wageni wakaona haya kushangilia. Mwisho wa mchezo kocha wenu alinijia, mwanamke mpole yule, hakupandisha sauti, akaniuliza kwa utaratibu kama nimetumwa na timu pinzani.

Tulirudi kwenye tramu, wewe kiti kile, mimi kiti hiki, kitoroli katikati. Nikangoja useme pole au asante. Karibu na nyumbani ndipo ulipofungua mdomo. "Mama, hukuja kuniangalia. Ulikuja kulisha." Basi. Nami nikakujibu jibu la kijinga, kwamba kesho ukale kwa kocha wako, na tukanuniana siku hizo zote mpaka mwenyewe nikachoka na kununa kwangu.

Lakini neno lako lilinibaki. Kwa sababu ulipokuwa unaoga jioni ile nilijiuliza, Saumu alikuwa amesimama wapi uwanjani? Sikujua. Nilikuwa sijui unacheza namba ngapi. Nilikuwa najua nani amekula na nani hajala, nani ameongezewa, sahani zipi zimerudi. Nimekaa pembeni ya uwanja kipindi kizima na sijamwona mwanangu hata mara moja. Na mimi miaka yote nilikuwa nadhani ninachojua kuliko vyote duniani ni kukutazama wewe.

Halafu akaja Kona.

Wenzio walimkuta asubuhi ya baridi amejikunja chini ya kibendera cha kona, mbwa wa rangi ya tangawizi, sikio moja limesimama moja limelala. Wakatafuta mwenyewe, hakupatikana. Wakampeleka kwa daktari wa wanyama, wakamchanja, wakampa jina la Corner, na wakakubaliana kwamba atakuwa mbwa wa timu, kila mchezaji atakaa naye wiki moja, Jumapili baada ya mchezo anahamia kwa mwingine. Mimi nilipoambiwa nikacheka kweli. Wazungu bwana. Kicheko kiliishia pale uliponiambia kwamba wiki ijayo ni zamu yetu.

Nilikataa katakata. Mbwa kwenye nyumba inayoswaliwa? Ulijua nitakataa, ukaniletea Haja wa ghorofa ya pili, yule mama wa Kimoroko, aje anieleze kwamba wao katika madhehebu yao mate ya mbwa hayana neno. Nikamwambia Haja, hayo ni ya kwenu, na Mungu awape heri, lakini sisi tumesoma kwamba mbwa akilamba kitu unakiosha mara saba, na mojawapo kwa udongo, na mimi nitautoa wapi udongo ghorofa ya tatu? Haja akatazama pale mlangoni, kwenye njumu zako. Alaa! Udongo ulikuwepo wa kutosha kujenga kibanda. Tukaweka udongo wa kiwanja kwenye kopo la siagi, kopo likakaa roshani, na Kona akaingia kwa masharti: jikoni hapana, chumba cha kuswalia hapana, kwenye zulia hapana. Akanitazama wakati nayasoma yale masharti, na lile sikio lake moja limesimama. Yarabi, nikajikaza nisicheke.

Nisikufiche, nilimpenda. Sikumgusa kwa mkono wiki zile za mwanzo, lakini nilimpenda. Alikuwa ananisubiri mlangoni nikitoka kazini. Nikipiga simu Tanga anakaa kusikiliza. Kilichoniudhi kwake ni kitu kimoja. Jumapili Mireille au mwingine akija kumchukua, Kona anasimama, anatikisa mkia, anashuka ngazi, hageuki. Wiki nzima nimemlisha mimi, nimemtoa mimi nje kwenye mvua, na hageuki hata kidogo. Nilikuwa nasimama juu ya ngazi na kunung'unika kwamba mnyama huyu hana shukrani. Wewe unacheka. Mara moja ulisema, "Mama, anajua atarudi." Nikakuambia usinifundishe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo umelisikia nusu nusu kwa Mireille, na nataka ulisikie lote kwangu.

Ulipokwenda Marekani kule kujaribiwa, wiki ile ilikuwa zamu yetu ya Kona. Nilibaki naye peke yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala nyumba hii bila wewe tangu baba yako arudi Tanga na kuoa huko. Mwanzoni nilijikaza. Nikasafisha madirisha, nikashona mapazia, nikampigia simu kila ninayemjua mpaka wakaacha kupokea. Jumapili Mireille alipobonyeza kengele kuja kumchukua mbwa, nilishuka mpaka chini nikamwambia Kona anaumwa tumbo, amwache kwanza kwangu. Uongo mtupu. Kona alikuwa mzima, amesimama juu kule mlangoni, anasubiri kamba yake.

Nikarudi nikamwambia, leo hatuendi popote, tumebaki sisi wawili. Nikampikia nyama. Hakula. Akakaa mlangoni. Nikamtoa nje, akazunguka na mimi, tukarudi, akakaa mlangoni. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikamsemesha, nikamtania, nikamvutia hata lile zulia nililomkataza. Hakulia wala hakubweka, alikuwa anatazama mlango tu, kisha ananitazama mimi, kisha mlango. Usiku nilikuwa nasikia kucha zake zikitembea ukumbini, huku na huku. Na mimi sikulala. Tulikuwa viumbe wawili wasiotulia kwenye nyumba moja, na mmoja wetu ndiye aliyeshika ufunguo.

Siku nilipoona maji pia hataki, nilivaa koti. Nikamtia kamba, tukapanda tramu mpaka Ganshoren, wenzako walikuwa mazoezini. Alipoona uwanja alinivuta mkono mpaka bega likalia. Nikaachia kamba. Ungemwona, Saumu. Alizunguka uwanja mzima, akamrukia kila mmoja, akapita katikati ya mazoezi yao, kocha analalamika na huku anacheka. Nikasimama pale pembeni na mkono wangu mtupu, nikasema haya, ndiyo basi tena, nikageuka kwenda kituoni. Sikufika mbali. Alikuja mbio kutoka ule upande wa goli, akakaa juu ya kiatu changu. Kakaa kabisa, kwa uzito wake wote, na kuangalia mazoezi kama vile ni yeye kocha. Nilimshika kichwa kwa mkono. Nikasema nitaosha baadaye.

Mireille alikuja, akamtazama Kona, akanitazama mimi. "Maman, hii imbwa haikuwa mugonjwa." Nikamwambia hapana, haikuwa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Akanishika begani akasema donc, nikae basi, mazoezi bado.

Nikakaa. Na siku ile, kwa mara ya kwanza, niliangalia mpira. Nikauliza Saumu anasimama wapi, wakanionyesha pale nyuma katikati, palikuwa na binti mwingine ameshika nafasi yako na mwenyewe anaona ni pakubwa kwake. Nikakaa natazama mahali ambapo wewe hupo. Nilijifunza zaidi hapo kuliko siku ya pilau.

Uliporudi nilianza kuja michezo yote, mikono mitupu. Hukuniuliza kwa nini. Nikagundua kwamba nina binti ambaye simjui. Nyumbani unaomba chumvi kwa sauti ya chini. Pale nyuma unawapigia kelele watu, unawaambia toka, rudi, mwachie huyo, na wanakusikiliza. Ulicheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia humu ndani. Ile siku ulipojifunga goli mwenyewe, mpira umekugonga mguu ukaingia, nilifunika uso. Nilipofunua, Mireille alikuwa amekushika kisogo anakwambia kitu, na wewe unaitikia kwa kichwa, na mchezo ukaendelea, na dakika hiyo hiyo ukaenda kuuomba mpira tena. Mimi ningekuwa wewe ningenuna mpaka msimu uishe. Nilikuwa nakutazama nikajiuliza umejifunza wapi hayo, maana kwangu hukuyaona. Mimi nikikosea nakaza shingo. Nikiogopa nasema tutaona.

Kwa hiyo ulipokuja na habari ya chuo, nilikuwa nimeshaelewa, si kwamba sikuelewa. Ndiyo maana naona aibu. Mtu asiyejua anasameheka. Mimi nilikuwa nimeshamwona Kona mlangoni, nimeshaona kinachotokea ukishika kamba, na bado nikakwambia tutaona nikaendelea na viazi.

Nikajiuliza sana kwa nini. Wiki iliyopita nikampigia bibi yako Tanga, kumlalamikia. Nilitaka aniunge mkono. Badala yake nilijikuta namuuliza swali ambalo nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa.

Sijawahi kukusimulia jinsi nilivyoondoka nyumbani. Baba yako alikuwa amepata kazi ya udereva kwenye ubalozi huku, tumefunga ndoa juzi tu, na tulikuwa tunapanda basi la Dar es Salaam kwenda kukutana na ndege. Mama zao wasafiri wengine walikuwa wanalia pale stendi, wanashikilia madirisha. Mama yangu aliweka mkono kichwani kwangu, akasema dua fupi, akanipa radhi hapo hapo bila kuombwa mara mbili. Kisha akacheka. Akaniambia nenda, na usirudi mwembamba. Akapiga bati la basi kwa kofi kumwambia dereva aondoke. Hakutoa chozi. Nilikaa dirishani nina hasira mpaka Segera. Nikasema, kumbe alikuwa anangoja niondoke.

Hasira hiyo nilikuja nayo Brussels. Miaka ile tulikuwa tunanunua kadi za simu za kukwangua, sauti inakatika katika, nami namuuliza habari za kila mtu lakini hilo simuulizi. Nilipokuwa na mimba yako niliapa kwamba mtoto wangu hatakuja kukaa dirishani na kufikiri mama yake hamtaki. Mtoto wangu atajua kwamba mimi bila yeye siwezi. Na umejua, masikini. Umejua mpaka tiketi unayo na huthubutu kupanda ndege.

Basi wiki iliyopita nikamuuliza. Masikio yake sasa mazito, ilibidi nipige kelele mpaka Haja akasikia huko chini. Nikasema, mama, siku ile stendi kwa nini ulicheka? Nikadhani amesahau. Akaniuliza: "Ungeniona nalia, usingeshuka?"

Nikasema, "Ningeshuka."

"Haya," akasema. "Ndiyo hivyo." Kisha akauliza kama huku mvua zinanyesha.

Nilikata simu nikalia kilio ambacho sijalia tangu niko msichana. Wewe ulikuwa mazoezini. Uliporudi uliona macho yangu nikakwambia ni vitunguu, na vitunguu vyenyewe havikuwepo.

Sasa sikiliza. Mimi si bibi yako. Yeye ana kifua, mimi sina. Kesho pale uwanja wa ndege sitacheka, usitegemee. Nitalia, na mimi nikilia nalia kwa sauti, unanijua, nitakuaibisha mbele ya Mireille na mbele ya polisi na mbele ya wale wanaopima mizigo. Pengine nitakushika mkono na nitasahau kuuachia. Uutoe. Uutoe kwa nguvu ikibidi, sitaumia. Unaweza kushuka kwa ajili ya machozi yangu, una moyo wa hivyo, na ndicho ninachokiogopa usiku huu kuliko ndege yenyewe. Machozi yangu ya kesho yachukulie ni machozi tu. Hayasemi kitu. Kinachosema ni neno, na neno nitakuwa nimeshalitoa leo.

Nimeogopa kwamba halitatoka. Miezi yote hii nimeligeuza mdomoni mpaka limekuwa gumu. Kwa hiyo hivi punde niliweka kalamu chini, nikasimama katikati ya jiko, nikaweka mkono hewani pale ambapo kichwa chako huwa kinafika, nikalijaribu kwa sauti. Saumu binti yangu, nimekuradhia, duniani na akhera. Nenda. Sauti ilikwaruza, mwisho ikawa ndogo, lakini lilitoka. Nikalirudia ili nihakikishe. Likatoka tena.

Barua hii nitakupa usiku huu uisome kabla ya kulala. Radhi lakini haiandikwi, inatamkwa, mtu na mwanawe, mkono kichwani. Na sasa nasikia mlango wa chini, na kucha za Kona kwenye ngazi, na wewe unamwambia apande taratibu. Naweka kalamu. Nataka nikukute ngazini, kabla hujavua viatu, kabla hujanitazama usoni kwa ile adabu yako nikapata nafasi ya kusema tutaona.

Mama yako.